Mawazo Yanapozidi: Afya ya Akili ya Mwanamke na Njia za Kupata Msaada

Katika kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Morogoro, siku ya mwanamke huanza kabla ya jua kuchomoza. Huteka maji, huwasha moto, huwaandaa watoto waendao shule, kisha hushika jembe na kwenda shambani. Jioni hurudi na kuni kichwani na kuzianza upya kazi za nyumbani. Mwanamke huyu akishikwa na malaria, kila mtu huitambua. Homa huonekana, damu hupimwa, dawa hutolewa. Lakini ikitokea kwamba hapati usingizi, hana hamu ya chakula, na moyo wake u mzito siku nenda siku rudi, ni nadra mtu kusema kuwa anaumwa. Jirani husema tu kwamba ana mawazo. Yeye mwenyewe husema hivyo hivyo, naye huendelea na kazi.

Neno hili "mawazo" linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu linaficha mambo mawili yaliyo tofauti. Kuna mawazo ambayo ni sehemu ya maisha ya kila binadamu, nayo hupungua yenyewe tatizo linapokwisha. Kuna pia mawazo ambayo ni dalili ya ugonjwa unaojulikana, wenye sababu zinazoelezeka na wenye tiba. Kushindwa kuyatofautisha mawili haya ndiko kunakowafanya wanawake wengi wateseke kwa miaka, hali msaada ungeweza kupatikana karibu nao.

Huzuni na sonona

Afya ya akili si kukosa kichaa tu. Ni uwezo wa mtu kufikiri, kuhisi, kufanya kazi, kuishi na wenzake, na kuyakabili matatizo ya kawaida ya maisha. Uwezo huo hupanda na kushuka, kama ulivyo uwezo wa mwili. Mtu aliyefiwa hulia. Mtu ambaye mavuno yake yamepotea huhuzunika. Huo si ugonjwa. Baada ya muda, huku akisaidiwa na jamaa na majirani, hali yake hutengemaa.

Ugonjwa ambao wataalamu huuita sonona ni kitu kingine. Jina hilo linatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuumia moyoni. Mgonjwa wa sonona huwa na huzuni karibu kila siku, au hukosa kabisa furaha katika mambo aliyoyapenda, kwa muda usiopungua wiki 2. Pamoja na hayo huonekana dalili nyingine: usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioelezeka, kushindwa kukaza fikira, kujiona hafai, kujilaumu bila sababu, na wakati mwingine kutamani kufa. Ugonjwa ulio karibu na huu ni ule wa wasiwasi, ambapo mtu huishi katika hofu isiyokwisha, moyo ukimwenda mbio na mikono ikimtetemeka ingawa hakuna hatari inayoonekana. Mara nyingi magonjwa haya mawili humpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mgonjwa wa sonona hasemi lazima kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unauma, tumbo linawaka, au mwili hauna nguvu. Hasemi uongo, maumivu hayo anayahisi kweli. Akifika zahanati hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, na baada ya mwezi mmoja huja tena na shida ile ile. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kutangazwa mwaka 2003 uliwachunguza wagonjwa wa zahanati na wateja wa waganga wa jadi. Ilionekana kwamba asilimia 24 ya wale wa zahanati, na asilimia 48 ya wale wa waganga wa jadi, walikuwa na magonjwa ya akili ya aina hii ya sonona na wasiwasi. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne waliokaa katika benchi la zahanati alikuwa na ugonjwa ambao kipimajoto hakiwezi kuuonyesha.

Yanayotokea mwilini

Ili kuelewa jinsi mzigo wa moyo unavyoweza kuuchosha mwili, yafaa kuangalia jinsi mwili unavyokabili hatari. Wakulima waishio karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wanawajua tembo waingiao mashambani. Mtu anayekutana ghafla na tembo katika shamba la mahindi hahitaji kufikiri. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo hipothalamasi, hutoa ishara mara moja. Ishara hiyo hupita katika tezi ya pituitari, kisha hufika katika tezi mbili za adrenali zilizo juu ya figo. Kwa njia ya neva na kwa njia ya damu, tezi hizo huamriwa kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, sukari hutolewa katika ini ili kuipa misuli nguvu, na kazi zisizo za haraka, kama vile kuyeyusha chakula, hupunguzwa. Mtu huyo yu tayari kukimbia.

Tembo akiondoka, kotisoli yenyewe huuarifu ubongo kwamba imetosha, na mwili hurudi katika hali yake ya kawaida. Mpango huu umewaokoa binadamu tangu zama za kale. Shida ni kwamba mpango ule ule huamshwa pia na hatari zisizoondoka: deni lisilolipika, mume anayepiga, mtoto mgonjwa, shamba lenye mgogoro. Hatari za namna hii hulala nyumbani na mtu na kuamka naye. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu, usingizi huvurugika, kumbukumbu hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, na utendaji wa kemikali zinazopeleka habari katika ubongo, kama vile serotonini, huweza kubadilika. Si kila mtu mwenye shida hupata sonona, kwa maana urithi wa damu, malezi ya utotoni na msaada wa watu wa karibu vyote vina nafasi yake. Hata hivyo ni dhahiri kwamba sonona si uvivu wala udhaifu wa imani. Inahusu mwili na akili kwa pamoja.

Kwa nini wanawake zaidi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa kiasi cha nusu: palipo na wanaume 10 wagonjwa, hupatikana wanawake 15 hivi. Sehemu ya tofauti hii inatokana na maumbile. Homoni za estrojeni na projesteroni, ambazo hupanda na kushuka wakati wa hedhi, mimba, uzazi na ukomo wa hedhi, hugusa pia utendaji wa ubongo. Lakini maumbile peke yake hayatoshi kuieleza tofauti hiyo.

Mwaka 1978 wanasayansi wawili wa Uingereza, George Brown na Tirril Harris, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa Camberwell, mtaa mmoja wa London. Walionyesha kwamba sonona haikuwapata wanawake hao kiholela. Ilitokea hasa baada ya msiba au tatizo kubwa, na ilimshika kwa urahisi zaidi mwanamke mwenye watoto watatu au zaidi walio wadogo nyumbani, asiye na kazi nje ya nyumba, aliyefiwa na mama yake angali mtoto, na, zaidi ya yote, asiye na mtu wa karibu wa kumwambia siri zake. Mambo hayo yaligunduliwa katika mji tajiri wa Ulaya, lakini hakuna mwalimu wa Kilosa atakayeyaona kuwa mageni.

Hapa Tanzania yako mengine ya kuongezea. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2005, wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi waliulizwa kama wamewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenzi huyo kufanya tendo la ndoa. Waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika mkoa wa Mbeya. Mwanamke anayeishi kwa hofu ndani ya nyumba yake anaye tembo asiyeondoka shambani.

Wilaya ya Kilosa nayo imepata misukosuko yake. Mwezi Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni uliwaua watu zaidi ya 30. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta lililoukinga mji wa Kilosa, na maelfu ya watu wakahamia katika kambi za mahema. Matukio kama haya yanapopita, hesabu hufanywa ya nyumba zilizobomoka, ekari zilizoharibika na ng'ombe waliopotea. Usingizi uliopotea hauingii katika hesabu hiyo. Hata hivyo, kwa mama anayewalaza watoto katika hema na kushtuka kila mvua inaponyesha, hasara hiyo huendelea muda mrefu baada ya maji kukauka.

Mama baada ya kujifungua

Kipindi kinachohitaji uangalifu wa pekee ni kile cha mimba na miezi ya kwanza ya uzazi. Katika siku chache baada ya kujifungua, kiasi cha estrojeni na projesteroni katika damu hushuka kwa ghafla. Zaidi ya nusu ya wazazi hulia bila sababu kubwa kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha hali hiyo hutoweka yenyewe kabla ya wiki 2 kupita. Hilo si ugonjwa. Mama huhitaji tu kupumzika na kutiwa moyo.

Huzuni ikiendelea kupita wiki hizo mbili, hiyo huenda ni sonona ya uzazi. Zamani wako wataalamu walioamini kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake wa Ulaya na Marekani tu, kwa kuwa mama wa Kiafrika huzungukwa na jamaa. Katika miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza wanawake wajawazito na wazazi katika kijiji kilicho karibu na Kampala, Uganda. Alikuta karibu mama mmoja katika kila 10 ana sonona baada ya kujifungua, kiasi kisichotofautiana sana na kile alichokikuta baadaye huko Scotland. Mwaka 1987, yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali 10 ya kuutambua ugonjwa huo, orodha ambayo sasa hutumiwa katika nchi nyingi. Makadirio ya karibuni yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa nchi zinazoendelea ni makubwa zaidi: wajawazito wapatao asilimia 16, na wazazi wapatao asilimia 20, huwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona.

Ugonjwa huu humgusa pia mtoto. Mama asiye na nguvu ya kuinuka hushindwa kunyonyesha vizuri, hukosa kumpeleka mtoto kliniki, na hana furaha ya kumchekea wala kuzungumza naye. Kwa mtoto mchanga, kuchekewa na kuzungumziwa ni chakula cha ubongo.

Ipo hali ya tatu iliyo nadra, ambayo humpata mama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000. Mama huchanganyikiwa ghafla, hasa katika wiki 2 za kwanza. Halali, husikia sauti wasizosikia wengine, na huweza kuamini mambo ya kutisha juu ya mtoto wake. Hii ni hali ya dharura. Mama huyo asiachwe peke yake wala peke yake na mtoto, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kujitunza, na mipaka yake

Yako mambo ambayo mwanamke anaweza kuyafanya mwenyewe ili kuilinda akili yake, na sayansi inaunga mkono mengi kati ya hayo. La kwanza ni usingizi. Kulala na kuamka kwa saa zile zile huusaidia ubongo kurudisha mpango wake. La pili ni kuupa mwili mwendo: kutembea, kucheza ngoma, au kazi ya wastani mchana wa jua. La tatu ni kula hata kama hamu ni ndogo. La nne ni kuvuta pumzi polepole kupitia puani na kuitoa taratibu zaidi kuliko ilivyoingia, kwa dakika 5 hivi. Pumzi ya namna hii huziamsha neva zinazotuliza mapigo ya moyo. La tano ni kutoiacha kabisa shughuli aliyoipenda, iwe kwaya, ususi wa mikeka au bustani, hata kama kwa siku hiyo haioni ladha yake, kwa kuwa mara nyingi ladha hurudi baada ya tendo. La sita ni kujiepusha na pombe, ambayo humsahaulisha mtu jioni na kumwongezea huzuni asubuhi.

Lakini mashauri haya yana mpaka, na ni lazima mpaka huo usemwe wazi. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku hawezi kuambiwa apumzike bila kuelezwa ni nani atakayeteka maji. Kujitunza kwake kunahitaji kazi ya nyumba igawanywe. Mume anayembeba mtoto, mwana wa kiume anayekwenda kisimani, na mkwe anayepika kwa wiki mbili wanashiriki katika tiba. Aidha, kujitunza si jina lingine la kuvumilia. Wanawake wengi wamefundishwa tangu utotoni kwamba mwanamke mwema hunyamaza. Mtu mwenye mguu uliovunjika hasifiwi kwa kuutembelea. Kuomba msaada mapema ni sehemu ya kujitunza, nayo pengine ndiyo sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Mahali pa kupata msaada

Kwa muda mrefu, tiba ya akili katika Tanzania ilimaanisha safari ya mbali. Hospitali ya Mirembe, iliyoanza Dodoma katika miaka ya 1920, ilipokea wagonjwa waliozidiwa kutoka pande zote za nchi. Wengi walifika huko wakiwa mbali na jamaa zao, na jina la hospitali hiyo likageuka dhihaka vinywani mwa watu. Dhihaka hiyo mpaka leo huwafanya wagonjwa waogope kusema wanachokihisi.

Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili. Mikoa miwili iliteuliwa kuujaribu: Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lake lilikuwa kwamba magonjwa ya akili yatibiwe karibu na nyumbani kwa mgonjwa, na wahudumu wa kawaida wa afya waliopewa mafunzo. Kwa hiyo mkoa ambamo Mabwerebwere imo ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza nchini kuonyeshwa kwamba zahanati ni mahali halali pa kupeleka maumivu ya moyo.

Njia hiyo ndiyo inayofaa kufuatwa hata leo. Mwanamke aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au kliniki ya wajawazito na watoto anayohudhuria. Aseme waziwazi: "Silali, sina raha, na hali hii ina muda sasa." Mhudumu atachunguza pia kama kuna upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya thairoidi, kwa kuwa magonjwa hayo huweza kuleta uchovu unaofanana na ule wa sonona. Ikihitajika, atampeleka hospitali ya wilaya, na kutoka huko katika hospitali ya mkoa.

Kwa mgonjwa ambaye hali yake ni nzito, zipo dawa, mathalani fluoksetini na amitriptilini. Dawa hizi hazileti nafuu siku ile ile. Huchukua wiki 2 hadi 4, na yafaa ziendelee kwa miezi kadhaa baada ya mgonjwa kupata nafuu, kwa maelekezo ya mganga. Hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Hizo si sawa na dawa za usingizi kama diazepamu, ambazo mtu akizinunua dukani na kuzimeza kila siku humzoea mwilini na kumtesa anapotaka kuziacha.

Lakini tiba ya sonona si vidonge tu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe wanaitaje hali hii. Walikuta kwamba Kiluganda kina majina yake, moja likimaanisha kujichukia na jingine kujisikitikia. Kisha vijiji 30 vilishirikishwa katika jaribio. Katika baadhi ya vijiji hivyo, wagonjwa walikusanywa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kila kikundi kiliongozwa na mtu wa mahali pale pale aliyefunzwa kwa wiki 2, hakuwa daktari. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, na kutafuta pamoja la kufanya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya jaribio, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wa pande zote mbili walikuwa na sonona kamili. Baadaye, waliobaki nayo katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, hali katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi yaliyowekwa nje ya zahanati za Harare. Mgonjwa hukaa benchini na bibi mmoja wa mtaani aliyefundishwa kusikiliza na kumsaidia achague tatizo moja la kulitafutia ufumbuzi kwanza. Ugonjwa wanaoushughulikia huitwa kwa Kishona kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Ndiyo "mawazo" yale yale ya Mabwerebwere. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa benchini, zikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Matokeo haya yana uzito kwa vijiji vya Kilosa, ambako madaktari wa akili ni haba lakini bibi, shangazi na makungwi hawakosekani. Wasagara, Wakaguru na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamke aliyeolewa bado ana haki kwa mjomba wake na dada zake. Vikundi vya kuweka na kukopa hukutana kila wiki, pia kwaya na vyama vya misikitini na makanisani. Yote hayo yanaweza kuwa mabenchi, ikiwa wenye kukutana watajifunza mambo matatu: kusikiliza bila kukata maneno, kutunza siri, na kumsindikiza mwenzao zahanati hali inapozidi. Anayepigwa nyumbani ahitaji pia ulinzi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi limewekwa kwa ajili hiyo.

Wajibu wa shule

Sonona mara nyingi huanza katika ujana. Msichana aliyekuwa akifanya vizuri, ghafla anaanza kushuka katika masomo, anajitenga na wenzake, analala darasani, au anaumwa kichwa kila siku ya mtihani. Mwalimu anaweza kumwadhibu kwa uvivu, au anaweza kumwita faraghani na kumwuliza ana shida gani. Uangalifu wa pekee unahitajika kwa wasichana wanaorudi shuleni baada ya kujifungua, jambo ambalo serikali iliruhusu mwezi Novemba 2021. Msichana huyo hubeba mizigo mitatu: masomo, mtoto, na vicheko vya wenzake.

Watu wengi wazima huogopa kumwuliza kijana kama anafikiria kujiua, wakidhani kwamba swali hilo litamtia wazo hilo kichwani. Tafiti hazikuonyesha hivyo. Kuulizwa kwa upole humpa nafuu mtu aliyekuwa amebeba wazo hilo peke yake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na afikishwe kwa mhudumu wa afya bila kuchelewa. Mtoto au mtu yeyote mwenye habari za mtoto aliye katika hatari anaweza pia kupiga simu 116 bila malipo.

Mwanafunzi naye ana sehemu yake. Jioni arudipo nyumbani, anaweza kumtazama mama yake kwa macho ya sayansi. Je, amelala? Amekula? Ni lini alipocheka mara ya mwisho? Anaweza kuchukua ndoo bila kutumwa, kisha akamwuliza hali yake na kungoja jibu. Mama akijibu kwamba ana mawazo tu, swali la pili ndilo lenye kazi: "Tangu lini, mama?" Jibu likipita wiki mbili, wajue wote wawili kwamba zahanati haikujengwa kwa ajili ya homa peke yake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza safari ya ishara ya hatari kutoka ubongoni hadi tezi za adrenali. Kwa nini deni huweza kuudhuru mwili zaidi kuliko tembo?

2. Orodhesheni kazi zote zinazofanywa na mama, baba, wavulana na wasichana nyumbani kwenu kwa siku moja, pamoja na saa zake. Ni nani mwenye muda wa kupumzika?

3. Katika jaribio la Masaka na Rakai, kwa nini ilikuwa lazima kuwachunguza pia watu wa vijiji visivyokuwa na vikundi?

4. Tajeni mikusanyiko ya wanawake iliyopo katika kijiji chenu. Ni ipi kati ya hiyo ingeweza kumsaidia mwenye sonona, na ingehitaji kujifunza nini kwanza?